Tumbo la Tangi

Jumatatu, 4 Machi

Tangi limetoa tumbo! Tumelijaza saa nne asubuhi. Urefu mita 2.4, kimo mita 1.2, bamba la chuma la milimita sita, juu wazi. Mhandisi wetu, tunayemwita Digrii, aliahidi ukuta mrefu utasogea milimita nane. Nikavuta uzi kona hadi kona, nikaweka rula. Arobaini na moja! Mzee mwenye karakana akashika kiuno. Digrii hata hakusita: kosa la mchomeleaji, mishono imelegea. Mchomeleaji ni mimi. Mshono uliolegea unavuja — huu haujatoa hata tone! Miaka kumi na moja nachomelea hapa, leo nimepewa barua ya onyo mbele za watu. Jaribio la pili ni Jumatatu ijayo. Likivimba tena, nifungashe virago.

Jumanne, 5 Machi

Nimeomba kuona hesabu za Digrii. Akacheka. Mama, hizi si za kidato cha pili. (Ndipo nilipoachia shule. Anajua, na anapenda kukumbusha.) Alipotoka kupokea simu nikazisoma, alikuwa kaziacha wazi mezani. Hee! Jedwali alilotumia ni la bamba lililoshikwa kingo zote nne. Letu limeshikwa tatu tu. Ya juu iko hewani, hakuna kinachoizuia. Na tumbo liko wapi? Juu, katikati. Palepale!

Mwenye macho haambiwi tazama. Mwenye digrii, naona, huambiwa.

Alhamisi, 7 Machi

Dawa ya Digrii: tubadilishe bamba, tuweke la milimita nane. Nimepiga hesabu nyuma ya pakiti ya elektrodi za kuchomelea. Nane kwa sita, izidishe yenyewe mara tatu: 2.37. Arobaini na moja inashuka hadi kumi na saba. Bado mimba!

Lakini gusa nafasi kati ya vishikizo, pale bamba linaposhikwa. Ipunguze iwe theluthi, na kupinda kunagawanywa kwa tatu mara tatu mara tatu mara tatu. Themanini na moja! Kitabu changu cha uhandisi wa mabamba na maganda hakina jalada, chuo kilikitupa na takataka zake, nikakiokota. Miaka sita nakisoma kurasa mbili mbili. Leo kimelipa. Kwa hiyo: mkanda wa engo, chuma cha pembe, kuzunguka mdomo wa tangi, na mbavu mbili wima za chuma hichohicho kila ukuta mrefu. Kila sentimita themanini, kishikizo.

Nyumbani nikalaza karatasi juu ya vikombe viwili, nikaweka kijiko. Ikaanguka. Nikaikunja mikunjo mikunjo. Mume wangu: mke wangu, wenzako wanakunja nguo! Karatasi ikabeba kijiko. Akaongeza cha pili mwenyewe. Cha tatu. Cha nne. Raha iliyoje!

Ijumaa, 8 Machi

Mzee kakubali, shingo upande. Fanya, ila ukikosea nisione sura yako.

Kobe, mchomeleaji mwenzangu, kashika engo nami siku nzima. Ni wa polepole kuliko jina lake, lakini mkono wake haupindi. Digrii kapita: mnalivisha tangi mkanda kama suruali? Kobe hata hakuinua kichwa. Suruali bila mkanda ndiyo uliyotuletea, Mhandisi. Nimecheka hadi kioo cha barakoa kikaingia ukungu.

Nimeandika kwa chaki ubavuni: MILIMITA TATU. Bamba lenyewe halifiki moja, zinazobaki ni za mbavu na mkanda kupinda. Wote waione kabla ya maji.

Jumatatu, 11 Machi

Mbili na nusu!!!

Maji hadi ukingoni, uzi, rula — mbili na nusu! Mzee kapima mwenyewe. Kavaa miwani, kapima tena. Kachana barua ya onyo vipande vinne, nimevihesabu. Digrii akapiga makofi, eti tumefanikiwa. Sisi tena! Ijumaa nilikuwa fundi suruali.

Jumatano, 13 Machi

Mkaguzi wa mteja amekuja. Mama wa makamo, buti nzito, hataki hata maji ya kunywa. Niko stoo, naandika juu ya boksi. Ofisi iko nyuma ya ukuta wa mbao, nasikia yote. Tangi limempendeza. Hesabu pia. Nani kazipiga? Mzee anakohoa. Digrii: ni za ofisi, mama. Mkaguzi: ofisi haina mkono wa kushika kalamu. Haya, kwa nini mbavu mbili na si tatu?

Digrii anataja jedwali. Jedwali gani? Makaratasi yanapekuliwa. Mkaguzi: basi nitakaa hapa. Bati la tangi linaandikwa jina la aliyepiga hesabu, au tangi halitoki getini.

Kobe kachungulia stoo — kwa mara ya kwanza maishani anakimbia. Dada, unatakiwa! Sasa Mzee mwenyewe anaita. Fundi! Nimetulia. Fundi Mkuu! Hilo sijawahi kulisikia humu ndani. Kiti kinaburutwa, viatu vyake vinakuja. Namalizia sentensi yangu kwanza. Aite tena, sauti yake leo ina heshima.