Lori la Mkaa Ukutani

Mwidiwe, mume wangu!

Unaona, nimeshajua kusalimia kwenu. Huku Kumsenga mvua imetuachia siku moja ya jua, basi mimi na mama yako tumedamka kusiriba nyumba kwa ajili ya Krismasi. Udongo mweupe umenifika hadi kwenye nyusi! Mama alinipa sebule peke yangu, mimi mtoto wa Tanga nisiyewahi kushika udongo. Karibu na dirisha nikaona mikwaruzo ya mkaa, nikaifunika vizuri kabisa, nikamwita aje aone.

Akapapasa ukuta kando ya dirisha. Kisha akauliza, "Lori liko wapi?"

Kumbe ni lile lori ulilochora ukiwa darasa la pili! Kila Krismasi mama husiriba ukuta mzima, akifika hapo analizunguka kwa kidole asiliguse. Nilitamani ardhi inimeze. Nikapiga magoti kuomba radhi. Aliponitazama nilivyotapakaa udongo usoni, akacheka mpaka akakaa chini. "Inuka, mwanangu. Mwenye lori si yupo?"

Sasa nyumba inang'aa, tumetandaza majani mabichi sakafuni, maharage yanatokota, nami nina furaha kama mtoto. Najua ulisema mwaka huu huna likizo. Mama hataki kusikia. Ameweka kipande cha mkaa dirishani, na watoto wa jirani wamekatazwa kukigusa.

Mungu akulinde huko, halafu akulete.

Mkeo,
Rehema