Njia ya Kwetu Iliyokosa Kuungana

Jumamosi. Asubuhi manyunyu, sasa jua limetoka na moyo wangu umetulia.

Leo mama amekuja kwangu kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Ametoka Kerenge mpaka huku Kang'ata, na jogoo kwenye kikapu. Siku ya harusi alinung'unika kwamba nakwenda mbali, kwa hiyo nilitaka sana aone kuwa sikutupwa porini.

Nyumba yetu haikuwamo kwenye ramani ya simu. Ramani hiyo huchorwa na watu wenyewe, yeyote anaongeza anachokijua, na aliyenifundisha ni Rama, mume wangu. Bado naona raha kuandika "mume wangu". Jumatano nilichora njia yetu. Unagusa hapa, unagusa pale, mstari unatokea. Nikaweka na kinyumba chetu, nikakitazama kama picha ya harusi.

Rama aliuliza, "Umeiunganisha na barabara kubwa?"

"Si unaona zimegusana?"

"Haya, injinia." Akaendelea na chai yake.

Leo saa nne mama akapiga. Kaka alikuwa amempakia kwenye pikipiki, wakifuata ramani.

"Simu inasema tumefika. Mimi naona mihogo tu. We mtoto, umeolewa na mihogo?"

Walikuwa ng'ambo ya korongo.

Rama akaikuza ramani kwa vidole, akaikuza tena, mpaka nikaona. Kati ya njia yangu na barabara palikuwa na upenyo mwembamba kama uzi. Kwa macho yangu zimegusana. Kwa ramani, njia yangu haikuanzia popote, basi simu ikawapeleka kwenye barabara nyingine iliyo karibu na nyumba yetu, bila kujali korongo.

Niliona aibu, shajara. Niliulizwa, nikajibu kwa maringo.

Mama alikataa kupanda tena pikipiki, kaka akazunguka peke yake. Rama akashuka korongoni. Huku kwetu mwanamume hamshiki mama mkwe mkono, hata kwenye utelezi. Akamwamkia, akamnyooshea fimbo. Mama akashika ncha moja, yeye nyingine, wakapanda polepole, Rama akitazama mbele tu, jogoo kwapani.

Nikampenda upya.

Mama alifika na matope mpaka magotini. Akanawa, akanywa uji, akazungusha macho nyumba nzima. Kisha akaninong'oneza, "Ile fimbo hakuitikisa hata mara moja." Baadaye kidogo akaongeza, "Wala si mbali sana."

Mchana nimeirekebisha ile njia. Nimeburuta ncha yake mpaka ikanasa kwenye barabara. Ukitazama, hakuna kilichobadilika kabisa.

Ni mangapi mengine nimeyaona yamegusana, nikaridhika? Sijui. Ila Rama akiniuliza tena, nitakuza kwanza ndipo nijibu.