Kifaa cha Kaimati cha Shangazi Zena

Dada Mwanaisha,

Assalamu alaikum kutoka Kuze, ambako joto limeishinda hata feni.

Jana nilimsindikiza Shangazi Zena kwenye mahakama ya hataza, ile inayoamua nani ndiye aliyebuni kitu. Amemshtaki mwenye kiwanda mmoja wa Shimanzi kwa kuiga kifaa chake cha kudondoshea kaimati kwenye mafuta. Ili kuthibitisha kuwa ni chake, alileta majirani sita, na kila mmoja akaapa kuwa alikiazima Ramadhani nyingi kabla hakijaandikishwa. Wakili wetu akajifunika uso kwa faili.

Hakimu akasema kwa upole, "Bibi, hataza hupewa kitu kipya, ambacho watu hawajakijua. Hiki kimezunguka Kuze nzima."

"Mheshimiwa," akajibu Shangazi, "ulitaka nimnyime jirani, na ni Ramadhani?"

Basi tumeshindwa. Tulipofika ngazini, karani wa mahakama akatufuata, na kwa sauti ya chini akaomba akiazime, mkewe apate kukijaribu. Shangazi, na hasira zake zote, akampa.

Nibusie watoto. Kaimati nitawapikia nikirudi, ila msiangalie umbo: nitazidondosha kwa mkono.

Nduguyo,
Salim