Sikukuu Isiyo na Moshi

Jumatatu, 15 Desemba

Leo tumetangaziwa sheria. Mjukuu wangu, ambaye tangu aingie chuo tunamwita Waziri, amesimama sebuleni na kutuambia sikukuu ya mwaka huu haitakuwa na maputo, karatasi za kumetameta, sahani za kutupa wala soda za chupa za plastiki. Zawadi zitafungwa kwa vitambaa vikuukuu. Mama yake, binti yangu mkubwa ninayeishi kwake, akauliza sahani zote hizo ataosha nani.

"Sote, Mama."

Sote! Huyo Sote namjua. Hajawahi kugusa sufuria.

Nikacheka, kisha nikakumbuka. Maneno yale ni yangu. Miaka yote niliyofundisha biolojia niliwapigia kelele wanafunzi na wanangu: zima taa, funga bomba, usitupe ovyo. Sasa yananirudia, na mbwembwe juu.

Jumatano, 17 Desemba

Foronya zangu! Zile za maua. Nimezikuta zimekatwa vipande, zimefungiwa zawadi za sabuni na soksi za watu. "Si ulisema ni kuukuu, Bibi?" Nilisema mimi ndiye kuukuu!

Halafu hili la nepi. Waziri anataka nivae za kitambaa, maana za dukani haziozi. Mama yake akamtazama. "Utafua wewe?" Hoja ikafa palepale. Nepi zangu zimeshinda mjadala.

Muuguzi alipokuja kunifunga kidonda cha mgongo akanong'ona: umeshawaambia? Nikasema bado. Akasonya. Daktari alilisema mbele yetu wawili tu: moyo umechoka, mwaka ujao nisiuwekee ahadi. Watoto nimewaambia nimebadilishiwa vidonge tu. Namsubiri kitinda mimba wangu. Anakaa mbali, anakuja kwa ndege Jumanne. Nitawaambia wote pamoja, tukiwa mezani.

Ijumaa, 19 Desemba

Nimeamka juu ya mbao. Godoro langu la upepo lina pampu inayolijaza usiku kucha. Waziri alipita vyumbani kuchomoa kila "kinachonyonya umeme bure" — na pampu nayo akaichomoa! Nimeshuka polepole kama mkate uliokosa hamira.

Alipoelewa, alilia mpaka kamasi. Mimi mwenye mbavu zinazouma ndiye niliyebembeleza. Akasema kwa kwikwi kwamba alitaka tu nifurahi, maana nimezoea kulalamika kuwa wanangu hawakunisikia hata siku moja.

Sasa nimkasirikie vipi?

Jumamosi, 20 Desemba

Kitinda mimba amepiga simu. Haji!

Waziri alimpigia hesabu ya moshi wa ndege, kwenda na kurudi, naye akaguswa. Mwakani watakuja kwa barabara, yeye na mkewe na watoto, polepole, kistaarabu. Nauli ya safari hii atanunulia miche, ipandwe kwa jina langu.

"Umeona, Mama? Kumbe tulikuwa tunasikia!" akasema kwenye spika.

Sebule nzima ikapiga makofi.

Miti kwa jina langu. Wenzangu waliopandiwa miti walikuwa wameshazikwa.

Na mimi, mtu mzima niliyesoma, nikajibu nini? "Vizuri sana, mwanangu." Sauti ileile ya darasani.

Naungama hapa, kwa kuwa kwingine nimeshindwa: nataka aje. Kwa ndege, na moshi wake wote, hata uwe mweusi kiasi gani. Nilivyokuwa nikiwakaripia watu kwa safari zisizo za lazima! Hii ni ya lazima. Lakini ili wajue ni ya lazima sharti niseme nakufa, na ulimi unanigomea. Nikisema, sikukuu itageuka msiba. Nisiposema, atakuja kwenye msiba wenyewe. Na atapanda ndege hiyohiyo!

Jumapili, 21 Desemba

Sina nguvu. Wanagombana sebuleni, eti mishumaa nayo ina moshi au haina.

Jumatatu, 22 Desemba

Muuguzi amechoka nami. Mimi si kasha la siri zako, Mama, ndivyo alivyosema. Jioni anarudi kubadilisha bandeji. Akikuta sijasema, atakaa na binti yangu jikoni na kumweleza mwenyewe. Nimemwambia hana adabu. Akakubali, akanisawazishia mto.

Binti yangu anasema nafasi kwenye ndege ya kesho bado zipo. Nilimuuliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa. Akanitazama vibaya.

Nimechukua simu mwenyewe. Vidole hivi! Kwanza nimempata fundi wa mabomba, akanisalimia kwa heshima zote na kuuliza nini kimeziba. Nikamkatia.

Sasa nimepatia. Inaita.

Waziri ameingia, gundi ya unga vidoleni, mapambo ya trei za mayai shingoni. Unampigia nani, Bibi? Mjomba wako. Uso umemng'aa — anadhani nataka kumshukuru tena kwa ile miche. Nimekipigapiga kitanda, akae. Hili alisikie kwangu, si jikoni.

Bado inaita. Amenishika mkono wa kushoto, anasema una baridi. Naandika kwa wa kulia, simu juu ya goti, spika wazi.

Amepokea.

"Shikamoo, Mama! Mbona mchana, kuna nini?"

Waziri anatabasamu. Ananisubiri nianze.