Dawa Juu ya Dawa

Mama,

Juzi nilifundisha klorini. Ni mada ya kidato cha tatu, na nilikuwa nimeikwepa tangu tukuzike, nikiwapa wanafunzi mazoezi ya mambo mengine hadi mwalimu mkuu akaniuliza kama naumwa. Basi nikaingia maabara. Nikafungua madirisha yote, nikawavalisha miwani, nikawaambia wasimame mbali. Kisha nikaandika ubaoni: asidi ya choo ikikutana na dawa ya madoa, hutoa gesi ya sumu ya klorini, chumvi na maji. Mwandiko wangu ulinyooka. Hilo ndilo lililoniudhi, Mama, kwamba mwandiko ulinyooka.

Wewe hakuna aliyekuambia ufungue dirisha. Bafu ya chumba namba nne, kule lojingi ya Mai Mahiu ulikokuwa unasafisha, haina dirisha.

Unakumbuka niliporudi likizo kutoka chuo nikakukuta ukitia magadi kwenye mboga ya mrenda? Nikakueleza kwa maringo kwamba hiyo ni kaboneti ya sodiamu. Ulicheka hadi ukaketi. "Kwani hiyo ndiyo tunalipia karo? Mama yangu alijua hiyo na hakuwahi kuona mlango wa shule." Tangu siku hiyo ukaniita Mwalimu, hata kabla sijapata kazi. Na mafua yaliponishika ulinichemshia tangawizi, ndimu na kitunguu saumu kwenye sufuria moja, ukasema, "Dawa ikichanganywa na dawa inapata nguvu." Nilikucheka nikanywa. Sikukusahihisha.

Kwako kila kitu kilikuwa dawa. Ya chawa, ya mahindi, ya choo, ya madoa. Na yule mchuuzi aliyewaletea pale lojingi alizitia zote kwenye chupa kuukuu za maji ya kunywa, bila karatasi yoyote ya kuonyesha ni nini.

Jumamosi ile ulinipigia saa nne asubuhi. "Mwalimu, hii kutu ya bafu imenishinda. Nimesugua mpaka mkono unauma. Dawa yake ni gani?" Maji ya kisima pale yana chuma, yanaacha wekundu sakafuni kila mgeni akioga. Nilikuwa nasahihisha karatasi za mtihani. Nikakujibu bila kuinua kichwa, "Tumia asidi, Mama, ile ya choo. Itatoa kutu yote."

Jibu sahihi. Mwanafunzi angepata alama zote.

Sikukuuliza umeshamwaga nini. Ulikuwa umemwaga dawa ya madoa tangu asubuhi ukaiacha iloweke, na dawa hiyo haitoi kutu, huikoleza rangi tu. Ukamwaga ya pili juu ya ya kwanza, zipate nguvu. Na mlango ukaufunga, walisema wenzako wa pale, ili harufu isiwasumbue wageni. Hata hapo, Mama, ulikuwa unawafikiria wageni.

Mwenye lojingi alikuja mazishini. Akasimama mbele ya watu akasema, "Mama alichanganya dawa mwenyewe. Hakuna mtu alimwambia." Watu wakatikisa vichwa. Namchukia hadi leo, kwa ile bafu isiyo na dirisha na kwa glavu ambazo hakuwahi kukupa. Lakini siku ile, alipolisema hilo, nilishusha pumzi. Nilifurahi. Nakuandikia wewe kwa sababu sijui ni nani mwingine ninayeweza kumwambia kwamba nilifurahi.

Nilipofuata nguo zako nilipita kuiona hiyo bafu. Sakafu ilikuwa nyeupe. Kutu yote ilikuwa imetoka. Nilitafuta hata doa moja pembeni, nijiambie kwamba nilikosea, sikuliona.

Sasa Baba, kila mgeni akija hapa Rongai kutupa pole, anasema, "Alikuwa mtu mzuri, ni vile tu hakusoma." Analisema mbele yangu. Halafu ananitazama kwa fahari, mimi niliyesoma. Nami napakua ugali na kuwanawisha wageni mikono. Nimekuacha, mimi mwanao, uitwe mjinga nyumbani kwako mwenyewe.

Juzi darasani msichana mmoja aliinua mkono. "Sasa mwalimu, mtu wa kusafisha atajua aje?" Nikamwambia tutalirudia. Kengele ikalia, nikamshukuru Mungu kwa kengele. Naona haya kukuandikia hivyo.

Baba yuko nje juani anapukuchua mahindi. Nikikunja karatasi hii nitatoka, nitakaa kando yake nichukue hindi mkononi, nimwambie kwamba ulipiga simu. Nimwambie ulichouliza na nilichojibu. Akinifukuza, anifukuze. Jumatatu nitamjibu yule msichana, na nitawaambia wanafunzi wote waende nyumbani wakawaulize mama zao wana chupa gani chini ya karo la kuoshea vyombo, na wasiseme tu ni dawa.

Kwaheri, Mama. Sikuombi unisamehe, bado. Naomba tu ujue kwamba hakuna atakayesema tena mbele yangu kwamba hukujua. Ulijua kuuliza. Ulimuuliza mtu aliyesoma, ukafanya alivyosema.

Ni mimi,
Mwalimu wako