Waya Ulioung'oa

Baba Mdogo,

Shikamoo, kwa kuwa mama alinifunza adabu. Mimi mzima. Mwezi huu nafanyia kazi katika chumba cha ghorofani, nguo za jirani zinapepea dirishani. Mwezi ujao nitakuwa nchi nyingine, na kompyuta yangu ileile uliyoiita mdoli.

Unakumbuka usaili wangu wa kwanza wa kazi, kwa video? Uling'oa waya wa intaneti nikiwa katikati ya jibu, ukasema, "Mtu mzima haongei na kioo."

Sasa binti yako ameomba kazi ya kuandika programu katika kampuni ninayofanyia kazi. Jumatatu atasailiwa kwa video, na msaili ni mimi. Mwambie ajiandae. Mtandao ukikatika katikati ya jibu, usihangaike kukagua waya wako.

Mtoto wa kaka yako,
bado naongea na kioo.