Moshi wa Iriartea

Kilimani juu ya Urriztegi, 3 Juni 1835

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujambo wewe na ng'ombe? Mimi mzima, ila miguu tu. Vita hivi vya ndugu kwa ndugu, mfalme wetu na malkia wakigombea kiti kimoja, vimenirudisha nyumbani. Ngome za mpakani tumeziangusha moja baada ya nyingine. Watu wa malkia wamebakiwa na hiyo ya kijijini kwetu tu. Mzinga tumeupandisha kwa ng'ombe na matusi, na mpigaji ni mimi.

Tatizo, Mama, ni nyumba yetu. Iriartea imelikinga lango la ngome. Kapteni anataka nipige kupitia jikoni. Nimemwambia nyumba hiyo ndiyo jina letu. Bila yake mimi ni Erramun wa wapi? Na wewe umo ndani. Sipigi bila neno lako.

Mwanao,
Erramun


Urriztegi, 5 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, ila askari wamekula kuku wote, hata yule jogoo kiziwi. Barua yako jirani yetu Joxepa ameileta ndani ya jibini, na jibini nimeila.

Niliolewa ndani ya kuta hizi, na baba yako alifia humu. Inaniuma, sikufichi. Lakini kuta hujengwa. Moto wa jikoni ndio haujazimika tangu enzi za babu yako. Makaa nitayahamishia kwa Joxepa ndani ya chungu. Ukiona dohani yetu haitoi moshi, ujue nimetoka. Piga.

Mama yako,
Graxi


Kilimani, 8 Juni

Mama,

Shikamoo. U mzima kweli? Dohani inafuka kutwa! Kapteni ananiita mwoga mbele ya wenzangu, na kesho mchana mzinga anampa mwingine, kwa kuwa jeshi la malkia liko njiani kuwaokoa walio ngomeni. Toka, nakuomba. Nautazama moshi huo huku nalia.

Mwanao


Urriztegi, 9 Juni, alfajiri

We mtoto!

Marahaba, mengine baadaye. Moshi huo si wangu! Niko kwa Joxepa tangu juzi, nimekikalia chungu kama kuku anayeatamia. Nilipotoka tu, mabwana wakaingia jikoni kumchoma kondoo wetu dume, na lango la ngome wameliacha wazi wapitishe sahani. Moshi mweusi vile, wa kuni mbichi! Tangu lini mama yako akapika hivyo? Piga kabla hawajamaliza nyama!

Mama yako


Urriztegi, 12 Juni

Mwanangu Erramun,

Hujambo, shujaa wangu? Mimi nina furaha hadi aibu. Nilikuona ukipita na mzinga kuwafukuza wale waokoaji, mweusi kama sufuria. Nikapiga kigelegele, hukusikia. Kengele hazijanyamaza. Ulipopiga tu, wa ngomeni walisalimu amri, kamanda wao bado ameshika paja la kondoo.

Nyumba yetu imebaki meko na ukuta mmoja. Usihuzunike. Majirani wameshaanza kuleta mawe, na ni mawe ya ngome yenyewe! Joxepa anasema Iriartea mpya itakuwa na kuta nene kuliko za mfalme.

Makaa nimeyarudisha mekoni, juu yake mbingu tupu. Mtakaporudi, ukifika kilimani tazama chini. Ukiona moshi mweupe, huo ni wangu. Shuka ule.

Mama yako,
Graxi wa Iriartea